Nipisheni, Mimi Nakaa Hapa

Treni ilikua imesimama Vernazza, kijiji cha pwani huko Italia, na milango imefunguka, lakini hakuna aliyekua anaweza kushuka. Nje watu wamejaa wanataka kupanda, ndani tumejaa sisi tunaotaka kushuka, kila mtu na begi mgongoni na simu mkononi, na katikati yetu kuna bibi mmoja mfupi kavaa koti jepesi la buluu kashika mifuko miwili ya sokoni, mmoja unachungulia majani ya vitunguu. Alijaribu kupita kulia hakupata, akajaribu kushoto hakupata. Ndo akasema, wala hakupandisha sauti:

"Nipisheni, mimi nakaa hapa."

Alisema kwa Kitaliano, na mimi Kitaliano nimekiokota utotoni Kiwengwa, kwaiyo nilimfahamu. Wengi mle ndani hawakumfahamu ila waliiona mifuko, wakabana migongo, akapita. Alishuka, akakata kushoto kwenye ngazi, akapotea kwenye kundi la watu kabla mie sijaweka mguu chini.

Nimerudi Unguja wiki kadhaa sasa na maneno yale hayajanitoka. Nikipika yapo, nikiwa stendi yapo. Mwanzo nilidhani yananikera kwa sababu nilimuonea huruma yule bibi, mtu kuomba njia ya kwenda kwake. Lakini kadri siku zinavyokwenda naona hapana, si huruma, kuna kitu kingine na kinahusu kwetu zaidi kuliko kwao.

Vijiji vitano na reli moja

Dada yangu mkubwa kaolewa La Spezia. Ule ni mji wa bandari, makontena na meli za kivita, mgeni hausogelei kwa ajili ya picha, analala pale kwa sababu vyumba ni nafuu kidogo na kwa sababu ya stesheni. Unapanda treni ya kawaida ya mkoa, dakika kama nane ushafika Riomaggiore, alafu Manarola, Corniglia, Vernazza, Monterosso, na mwisho wake Levanto. Vile vitano vya kabla ya Levanto ndo wanaviita Cinque Terre. Kijiji na kijiji ni dakika mbili, tatu, nne basi. Na sehemu kubwa ya njia ni mahandaki, reli imetobolewa ndani ya mlima, umekaa kizani masikio yanaziba, ghafla bahari yote inakuja dirishani na mwanga unakuumiza macho, kabla hujaitoa simu mfukoni ushaingia kizani tena.

Reli ile ilikamilika 1874. Kabla ya hapo mtu wa vijiji vile akitaka kutoka ni mashua, au miguu yake mwenyewe juu ya mlima.

Kilichonishangaza mimi si bahari, bahari ninayo. Ni pale treni inapokutoa. Vernazza unashuka ngazi za stesheni uko kwenye njia kuu ya kijiji papo hapo, mkono huu wanauza mikate, mkono huu mtu kaanika mashuka dirishani, mbele kidogo watoto wanapiga mpira ukutani. Hakuna geti, hakuna mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi. Na gari hazipiti mle ndani, kwaiyo mgeni awe na pesa za namna gani atatembea kwa miguu mbele ya mlango wa mtu, na yule mtu atamuona. Corniglia peke yake iko tofauti, stesheni iko chini pwani na kijiji kiko juu kama mita 100, kuna basi dogo na kuna ngazi karibu 380. Nilipanda ngazi. Juu nikakuta wazee wamekaa kwenye benchi wanawatazama wageni wanavyofika wanahema, na mmoja akanisogezea nafasi nikae bila ya kusema chochote.

Sasa, wakaazi wa vijiji vyote vitano ukiwakusanya hawafiki 5,000. Wageni wanaopita kwa mwaka ni mamilioni.

Hapo ndo utafahamu kwanini yule bibi alikua hawezi kushuka.

Na wao wenyewe wanajua kama wanazidiwa. Msimu wa watu wengi tiketi ya mgeni imepandishwa bei, siku za msongamano inakua juu zaidi, na mkaazi ana nauli yake ya chini. Kuna kadi ya siku, unalipa mara moja unapanda treni unavyotaka na unatembea zile njia za mlimani. Ile njia maarufu ya Via dell'Amore, iliyochongwa ubavuni mwa jabali kati ya Riomaggiore na Manarola, mawe yaliporomoka 2012 yakaumiza watu, ikafungwa miaka mingi mpaka 2024, na saivi ukitaka kupita unalipia na unakata nafasi yako kwa saa.

Mama mkwe wa dada, mwanamke mtulivu sana yule, alinieleza jambo ambalo nililichukulia dogo wakati ule. Mlima wote juu ya vijiji umekatwa matuta ya mizabibu, na kila tuta limeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa hivi hivi bila saruji, kazi ya karne nyingi, na ndo sehemu ya sababu UNESCO waliliweka eneo lile kwenye urithi wa dunia 1997. Akaniambia kuta zile zinataka mtu kila mwaka, jiwe likianguka lirudishwe. Watu wakihama au wakaacha kulima, ukuta unalegea, mvua ikija mlima unashuka. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilishusha matope na mawe mpaka katikati ya Vernazza na Monterosso, watu walikufa, maduka yale niliyoyapita yalikua yamefukiwa.

Kwaiyo bibi wa vitunguu kufika kwake jioni ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Akishindwa kuishi pale, yeye na wenzake, mlima wenyewe unakosa wa kuushika.

Kwetu hakuna wa kumpisha

Mimi wa Kiwengwa. Gari yetu ni namba 117, kila mtu wa Unguja anaijua, kama wanavyojua 116 ya Nungwi na 118 ya Matemwe. Inatoka mjini, Mtoni, Bububu, inapanda mpaka Mahonda, Kinyasini, inakata msitu wa Kiwengwa na Pongwe, inateremkia pwani. Kama kilomita 40 na kitu.

Mama yangu kapanda gari ile tangu enzi za mabodi ya mbao, tunakaa kwenye mabenchi tunatazamana, magunia juu, kuku chini, na maisha yake yote hajawahi hata siku moja kumwambia mtalii nipishe mimi nakaa hapa. Hajawahi kwa sababu mtalii hayumo.

Mtalii kapita. Kapita kwenye gari ndogo ya kiyoyozi yenye vioo vyeusi, ametoka nayo uwanja wa ndege inampeleka moja kwa moja mpaka ndani ya geti la hoteli, atakaa wiki nzima, atatolewa kwenda kuona kobe kisiwani Changuu na mashamba ya viungo kwa gari ile ile, na siku ya kuondoka atarudishwa uwanja wa ndege. Wataliano wamekuja Kiwengwa miaka mingi mpaka watoto wetu wanasema ciao vizuri kuliko baadhi ya watoto wa huko, lakini wengi wao hawajui kama kijiji kina msikiti upande gani.

Niliporudi nikawa najiambia bora sisi. Bora mama anakaa kwenye gari yake kwa amani, hakuna begi la mtu puani kwake. Nikalisema hilo kwa shoga yangu mmoja, mfanyakazi wa hoteli, muuguzi wa watoto zamani, mtu wa maneno machache. Akaniuliza, "Na akitoka mjini saa mbili usiku anapanda nini?"

Sikua na jawabu kwa sababu hapandi kitu.

Jua likishazama ile 117 inaanza kuwa ya kubahatisha. Ukichelewa hospitali, ukichelewa mahakamani, ukichelewa kwenye msiba, unalala kwa jamaa mjini au unakodi gari kwa pesa ambazo mtu wa kuvua pweza hana. Bibi wa Vernazza alibanwa mlangoni, kweli, lakini angeikosa ile treni msimu ule ipo nyingine baada ya robo saa au dakika 20. Na usiku ipo. Angesema mimi nakaa hapa na reli ingemjibu ndio, unakaa hapa.

Mama yangu anakaa Kiwengwa mpaka magharibi tu.

Hapo nikaanza kuliona tatizo kwa ukubwa wake. Mwaka 2024 walioingia Zanzibar kwa utalii walipita laki 7, na sisi wenyewe kwa sensa ya 2022 ni watu 1,889,773. Hao wote wanapita kwenye barabara tunazopita sisi. Pesa ya usafiri wao ipo, tena nyingi, dola makumi kwa mtu kutoka uwanja wa ndege mpaka pwani ya mashariki. Lakini haigusi hata tairi moja la gari ya shamba, hizi zetu za abiria wa vijijini kama 117. Gari ya shamba inaishi kwa nauli ya mkulima na mwanafunzi wa skuli, kwaiyo inakua ya namna ya mkulima na mwanafunzi, inakwenda ikijaa, inalala mapema.

Ile iliyokua inaanzia Ngome Kongwe

Watu wa bara tangu 2024 wana SGR yao Dar mpaka Dodoma, na kila ikitajwa huku kwetu kuna mtu atasema sisi kisiwa, treni ya nini. Lakini tulikua nayo. Miaka ya 1880 Sayyid Barghash alikua na njia ndogo ya reli kutoka mjini hadi kasri yake ya Chukwani, mwanzo mabehewa yanavutwa na nyumbu, baadae akaagiza injini Uingereza. Hiyo ilikua yake mwenyewe, alipofariki 1888 ikaishia hapo.

Ile ya pili ndo ninayoiwaza sana. 1905, kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilijenga reli kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili 7. Ilipita kwenye vichochoro vya mji karibu kabisa na milango ya nyumba, mpaka mtu akitoa mkono dirishani anaigusa, inatoka kwa njia ya Malindi inafuata pwani kaskazini. Abiria wake wakubwa walikua watu wa kawaida, wa shamba na wa mji. Lakini kulikua na behewa moja la daraja la kwanza, na hilo lilikua kwa ajili ya wageni, wale wa kwenye meli kubwa zilizotia nanga bandarini, wanashuka kwa masaa machache wanataka kuona kisiwa kidogo alafu warudi melini.

Yani watalii wetu wa zaidi ya miaka 100 nyuma walikwenda kijiji cha pwani kwa treni kutoka mjini, kama mimi nilivyotoka La Spezia.

Walikaa behewa lao, sawa. Lakini injini ilikua moja. Ikichelewa inachelewa kwa wote, ikitengenezwa inatengenezwa kwa wote. Serikali iliichukua reli ile 1911, na 1922 abiria wakaachwa kuchukuliwa, kwa sababu barabara zilikua zimetengenezwa na motokari zimeingia. Mie naamini, na hili ni wazo langu tu, kwamba njia yoyote inaanza kufa siku wenye uwezo wanapopata chombo chao peke yao. Anayebaki ndani anabaki na kile anachoweza kukilipia yeye.

Gari ya 117 ikifika Bububu huwa natazama nje. Hakuna reli, kuna maduka na bodaboda na watu wanasubiri gari ya 502.

Mama mkwe kapanda gari ya shamba

Dada alikuja na mumewe na yule mama mkwe. Teksi ilikua tayari kuagizwa, kaka yetu mwenyewe ni dereva wa teksi Kiwengwa, angekuja kuwachukua. Mama mkwe akaniuliza, "Wewe unapanda nini ukienda kwa mama yako?" Nikamwambia gari ya shamba. Akasema basi na yeye.

Nilisita, nakiri, mana ni mtu mzima na gari zetu mnazijua. Dada akasema muache, huyu amezoea kusimama kwenye treni tangu msichana. Basi dada na mumewe wakaenda na kaka na mizigo, sisi wawili tukaenda stendi.

Utingo alituona akauliza, "Dada, mgeni wako analipa ngapi?"

"Analipa kama mimi."

Akacheka akasema haya pandeni. Tukakaa benchi la kati. Juu mabati na gunia za mchele, chini ndoo ya samaki imefunikwa majani. Kabla hatujatoka mwanamama aliyekaa mbele yetu akaniinamia, taratibu, "Mwanangu, mwambie bibi ajifunike magoti, nyuma kuna maalim." Nikamwambia, akavua mtandio wake shingoni akautandaza mapajani, akamshukuru yule mama kwa kutikisa kichwa, yakaisha. Huwa tunabishana sana kuhusu mavazi ya wageni, mabango yanawekwa, faini zinatajwa, na pale ndani ya gari likamalizika kabla hatujafika Mtoni kwa sababu aliyeguswa alikua uso kwa uso na aliyekosea kwa kutojua.

Mpaka Bububu nilikua na furaha ya ajabu. Nikawa najisemea ndo hii, ndo dawa yenyewe, wageni wapande humu na sisi. Yule mama kamuonesha mama mkwe picha za wajukuu, mama mkwe na yeye katoa za kwake, mie natafsiri mpaka nimechoka.

Alafu Mahonda.

Pale Mahonda kulikua na mwanamke na mtoto mgongoni na mfuko wa hospitali, kasimamisha gari, utingo katazama ndani, kumejaa. Akamwambia subiri inayokuja. Gari ikaondoka. Mzee mmoja aliyekaa mlangoni, kanzu na koti, akasema akitazama njia, hakumtazama mtu, "Angekaa huyu."

Utingo akamjibu, "Mzee, mgeni njoo mwenyeji apone."

"Mwenyeji apone vipi naye kaachwa kituoni?"

Gari zima ikanyamaza. Mzee mwenyewe akaona labda kasema zito, akanigeukia, "Mwanangu sina neno na mgeni wako. Mgeni baraka, na huyu kaja kwa adabu zake. Lakini kiti kimoja."

Mama mkwe akaniuliza kuna nini. Nilifikiri nimdanganye. Nikamwambia yote kama yalivyo, na neno la mzee, na yule mwanamke aliyebaki. Akakaa kimya mpaka tunaikaribia Kinyasini, alafu akasema kwao ni hivyo hivyo, watu wanalalamika wageni wamejaa treni, wanafunzi wanachelewa skuli, kuna siku yeye mwenyewe anaacha zipite mbili. Akaniambia, "Lakini mimi naziacha kwa sababu najua ya tatu inakuja. Yule mwanamke anajua?"

Inayokuja

Kwa siku nyingi nililiweka jambo hili kwenye suala la wageni na wenyeji kukaa pamoja. Mzee wa Mahonda kanitoa huko. Kukaa pamoja kwenye kiti kimoja ni kumnyang'anya mtu kiti, hata mkae kwa upendo gani. Kwanza viwepo viti. Kwanza iwepo gari ya saa tatu na ya saa nne usiku, iondoke imejaa haijajaa, ndo umuite mgeni apande.

Na pesa zake atoe mgeni. Hili nalisema bila ya kuona haya. Tangu Oktoba 2024 mgeni mtu mzima wa kutoka nje anayeingia Zanzibar analipa bima ya dola 44 na hawakuacha kuja. Mtu aliyesafiri masaa kumi kwa ndege kuja kutazama pwani yetu hawezi kushindwa na dola chache za gari za vijijini, ikiwa ataziona zinakwenda wapi, ikiwa na yeye anaruhusiwa kupanda.

Lakini nina wasiwasi wa aina mbili, na sijaupatia dawa wote.

Wa kwanza ni kijiji chenyewe. Mama mkwe aliniambia kule baridi ikiingia na wageni wakiondoka, usiku unatazama Vernazza unaona madirisha mengi giza, nyumba zimegeuzwa vyumba vya kupangisha na wenyewe wamehamia La Spezia. Treni inayomfikisha bibi kwake ndo hiyo hiyo inayomletea mtu wa kuinunua nyumba ya jirani yake. Sitaki Kiwengwa iwe hivyo. Ila nikikaa nikatazama vizuri, sisi tumeshapoteza bila hata ya treni. Njia za kwenda pwani tulizopita utotoni saivi nyingine ni uchochoro kati ya kuta mbili za hoteli, wanawake wanaokwenda kuokota chaza wanapita mle mmoja mmoja na ndoo zao. Kule angalau mgeni kaingia kijijini. Huku kijiji kimezungushwa.

Wa pili ni kaka yangu.

Nilimueleza usiku ule ule tuko barazani, watu washakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, kaka ni msikivu, alafu akasema, "Sasa wewe ukimpandisha mgeni gari ya shamba, mimi ada ya skuli ya watoto nalipa na nini?" Na hakua anatania. Teksi yake ndo nyumba ile tuliyokua tumekaa, ndo iliyomtibu baba mpaka mwisho. Vijana wangapi wa pwani ile wanaishi kwa kumsubiri mgeni mmoja uwanja wa ndege kwa siku. Nikamwambia wengi watabaki kupanda teksi, mwenye watoto na mabegi hapandi mbao. Akasema labda. Nikamwambia kule Italia teksi zipo. Akasema mie siko Italia.

Tukanyamaza hapo. Dada akaleta chai, mama mkwe kishalala, mama kakaa ndani mlangoni anasikiliza kama kawaida yake bila ya kuingilia.

Kaka ndo alieanza tena. Akasema usiku teksi yake hailipi. Kuanzia saa mbili wageni wako kwenye chakula, yeye kakaa nje ya geti na wenzake wanacheza bao mpaka saa nne, tano, akipata mtu wa kumpeleka hoteli nyengine kashukuru Mungu. Na wakati ule ule, akasema, kuna watu Kinyasini. Gari za Nungwi zinaendelea kupita pale mpaka usiku kidogo kuliko zetu, kwaiyo mtu wa Kiwengwa anafika Kinyasini vizuri, anakwama pale. Yeye kashawachukua bure mara nyingi, mtu na mgonjwa wake, watoto wa tuisheni. Akasema haihitaji gari nzima kutoka mjini. Inahitaji gari moja ndogo Kinyasini na Kiwengwa, kwenda na kurudi, saa mbili mpaka saa nne na nusu, kila siku, na watu wajue ipo.

Nikamuuliza wangapi wangefanya zamu hiyo. Akataja majina ya wenzake pale pale, watano sita, kila mmoja usiku wake.

"Na mgeni akitaka kupanda?"

"Apande. Ila mgeni alipe ya mgeni, na wa kijiji akiwa amesimama mgeni asubiri mzunguko wa pili. Si utakuwepo?"

Mama ndo akasema neno lake la kwanza toka tukae. "Mafuta nani anatia?"

Tukachukua daftari la mtoto. Kaka anajua gari yake inakula nini kwa mlima ule wa msituni, mie nikaandika. Tumeweka nauli ya mwenyeji sawa na ya mchana, ya mgeni mara tano, na bado mwezi wa mvua wageni wakiondoka hesabu haisimami, inabaki pengo la mafuta. Kaka kasema pengo lile hoteli mbili tu zingelimaliza bila ya kulihisi, mana wafanyakazi wao wa zamu ya jioni na wao wanalala njiani. Shoga yangu kapeleka habari kwa meneja wake, hajajibiwa bado. Sheha kasema tumletee kwa maandishi, na majina ya madereva na namba za gari, atalitia kwenye kikao cha shehia.

Kaka kashaandika yake. Tunasubiri za wale wengine watano.